Ulilelewa na mzazi mlevi na sasa ni mtu mzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya kwa kama miaka minne hivi, mengine nimeulizwa inboksi saa nane usiku, mengine nimevutwa pembeni baada ya ibada, na mengine niliwahi kuyauliza mimi mwenyewe. Mimi sio daktari. Ni mtoto wa kwanza wa mzee mmoja wa Kibosho, Kilimanjaro, aliyekunywa tangu nikiwa darasa la pili mpaka anaingia kaburini, na nimekaa na washauri nasaha na watu wa aina yangu vya kutosha kujua kipi kilinisaidia na kipi kilikuwa maneno tu. Kila jibu linajitegemea kwahiyo nenda moja kwa moja kwenye swali lako.

## Mambo ya msingi

Baba alikuwa anakunywa ila ada alilipa na hakuwahi kutupiga. Na mimi nahusika humu?

Unahusika. Karibu kila mtu anaanza na hili swali, na karibu kila anayeuliza anamtetea mzazi kabla hata hajashtakiwa. Usihesabu chupa, wala usiangalie kama mlilala njaa au la. Jiulize tu, nyumbani kwenu nani alikuwa anaamua jioni itakuwaje? Kama kila mtu alisubiri kuona mzee karudi na hali gani ndio ajue leo kuna kuangalia tivii au kuna kujifungia chumbani, basi pombe ndio ilikuwa mwenye nyumba, ada ilipwe isilipwe.

Kwetu kulikuwa na kinjia kinachopita katikati ya migomba, na kiangazi yale majani makavu yanasikika mtu akiwa bado mbali. Baba akija anaimba, tunaendelea kulala. Akija kimya, mimi na mdogo wangu tunavaa viatu. Hakuna aliyetufundisha, mimi nilikuwa na miaka tisa yeye sita. Vilikuwa viatu vya kukimbilia kwa bibi.

Ni zamani sana, mbona bado inanisumbua na nina miaka 35?

Kwasababu ile ilikuwa kazi, na hakuna aliyekuja kukwambia kazi imeisha. Mtoto wa mlevi ni mlinzi, anajua kusoma macho, sauti ya komeo, harufu, jinsi mlango wa gari unavyofungwa. Anafanya hiyo kazi kila usiku kwa miaka kumi na kitu, mwili unazoea kukaa macho, moyo unazoea kwenda mbio, alafu siku moja anahama, anapata kazi, anaoa, ila mwili bado uko lindo.

Hili limepimwa pia. Kati ya 1995 na 1997 huko San Diego, Marekani, watafiti waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 walipitia nini utotoni, na kuishi nyumba moja na mlevi ni moja ya mambo waliyoyahesabu. Majibu ya kwanza yakatoka 1998: kadiri mtu alivyopitia mengi ya namna hiyo utotoni, ndivyo alivyokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata sonona, ulevi wake mwenyewe, mpaka magonjwa ya moyo. Uwezekano mkubwa sio lazima, wapo wengi tu waliopitia mengi na wako salama. Ila ukiambiwa "sahau, yamepita", ujue mwili wako haujadanganya.

Ulevi ni ugonjwa au ni tabia mbaya tu?

Ni ugonjwa, madaktari wa Marekani kupitia chama chao walilitamka hilo tangu 1956 na Shirika la Afya Duniani linauorodhesha hivyo. Mimi hili lilinisaidia na likanichanganya kwa wakati mmoja, maana nilidhani nikikubali ni ugonjwa basi sina haki ya kukasirika. Sio hivyo. Mtu mwenye kifafa akikuangukia akakuvunja mkono, hana kosa, na mkono wako umevunjika, na wewe ndio unaenda kufungwa bandeji.

Mama alikuwa anasema tunampa baba stresi ndio maana anakunywa. Ni kweli?

Hapana hapana hapana. Kwenye vikao vya ndugu wa walevi wana msemo wao: hukuusababisha, huwezi kuuzuia, huwezi kuutibu. Mimi nilikuwa nausikia kama wimbo tu mpaka viroba, zile pombe kali za vipakiti vya plastiki, vilipopigwa marufuku Tanzania, Machi 1, 2017. Baba alikuwa mtu wa viroba, mfuko wa koti unalia kachakacha. Tukafurahi kweli, mama akasema sasa mzee anapona. Wiki hiyohiyo akahamia kwenye gongo. Sasa kama serikali nzima na polisi wake haikumzuia, wewe na matokeo yako mabaya ya darasa la nne ndio ungemfanya anywe?

Mdogo wangu anasema nakuza mambo. Nani anakumbuka vizuri?

Inawezekana wote. Aliyezaliwa wa kwanza na aliyezaliwa wa mwisho hawakulelewa na mzazi yuleyule, mmoja alimkuta bado ana kazi, mwingine alimkuta ameshapoteza kazi na meno mawili. Pia mara nyingi wakubwa ndio waliofunga mlango ili wadogo wasione, kwahiyo usishangae hawakuona. Usimlazimishe akubali. Mimi na mdogo wangu tuligombana miaka miwili kwa hili, alafu siku moja tunakunywa chai akasema tu, "Hivi unakumbuka viatu?"

## Yanavyojitokeza ukubwani

Mume wangu akichelewa dakika ishirini natetemeka, na wala hanywi pombe. Nina kichaa?

Huna. Ni ule ulinzi wa swali la pili hapo juu. Kinachonisaidia mimi ni kitu cha kijinga kabisa: nakanyaga sakafu bila viatu, natoa pumzi polepole mpaka iishe, alafu nasema kwa sauti, "Niko Tabata, ni saa mbili na robo, huyu ni mume wangu na yuko kwenye foleni." Kwa sauti, sio moyoni. Mara ya kwanza utajiona chizi.

Na mwambie mwenzako. Usimwambie "wewe unanitisha" maana hajafanya kitu, mwambie ilivyokuwa kwenu. Mimi nilimsimulia mume wangu habari ya kuimba na kukaa kimya, na hakusema kitu siku hiyo, nikajua hajaelewa. Kesho yake alipofika getini akapiga mluzi. Hadi leo anapiga, majirani wanadhani anaita mbwa.

Kwanini kila mwanaume ninayempata ni mlevi au ni wa kuokolewa?

Dada zangu wengi wananiuliza hili kwa aibu, na kaka zangu wanaliuliza kwa kuzunguka zunguka. Tunachagua tunachokijua. Mtu mtulivu, anayefika saa aliyosema, unamuona hana ladha, unasema "hatuna kemistri". Kumbe ulichozoea kukiita mapenzi ni wasiwasi: leo yuko vizuri, kesho hajulikani alipo, keshokutwa analia kwenye mapaja yako.

Kuna wenye ujuzi wangekupa orodha ya dalili za kuangalia, mimi nina swali moja tu la kujiuliza baada ya miezi mitatu ya kuwa na mtu. Je, umeanza kuficha kitu kwa ajili yake? Umemdanganya bosi wake, umemwambia mama yako anaumwa malaria wakati ana uchovu wa pombe ya jana? Ukiona umeanza, umerudi kazini.

Siwezi kusema hapana kwa mtu yeyote. Inahusiana?

Inahusiana sana. Ukiona wewe ndio mweka hazina wa kila kamati ya harusi na unachangia misiba ya watu usiowajua, ujue kuna mtoto ndani yako anahakikisha hakuna mtu anayekasirika. Anza na hapana ndogo. Mwambie konda hutaki kusogea. Kwa wazazi na wakubwa huwezi kusema hapana kavu hivyo na sikushauri, kwao sema "nitaangalia nitakujulisha", alafu usijulishe siku hiyohiyo. Habari ya pesa nimeiweka peke yake huko chini.

Na mimi nitakuwa mlevi? Au nisiguse kabisa?

Kwa jinsi utafiti wa familia na mapacha unavyoonyesha, karibu nusu ya uwezekano wa mtu kuwa mlevi unatoka kwenye damu na nusu nyingine kwenye maisha yenyewe. Kwahiyo una mzigo kuliko jirani yako, ila hujaandikiwa. Watoto wengi wa walevi hawawi walevi.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali kumi linaitwa AUDIT, hata zahanati wanaweza kukufanyia, alama ya juu ni 40 na ukipata 8 au zaidi ujue kuna jambo la kuongea na mhudumu. Ila kabla ya dodoso, jiangalie mambo mawili. La kwanza, unakunywa kufurahi au unakunywa ili utulie? La pili, na hili watu hawalijui, kama wewe ndio yule anayekunywa sana na halewi, usijisifu. Kuhimili pombe nyingi ni moja ya dalili za hatari, hasa kama ni kitu cha ukoo. Ukishaanza kuzimua asubuhi ndio uende kwa daktari, usisubiri.

Mimi siigusi. Sio kwa ulokole. Niliwahi kunywa bia mbili chuoni, nikajisikia vizuri kupita kiasi, yaani kwa mara ya kwanza lindo likanyamaza. Nikaogopa.

## Mzazi yupo na bado anakunywa

Nimtumie hela? Nisipotuma naitwa mtoto asiye na adabu.

Tuma vitu, usitume hela. Ongea na mwenye duka la pale kijijini, lipia unga, sukari, sabuni, mafuta ya taa kwa mwezi, na mwambie kabisa asibadilishe kuwa pesa (wapo wanaobadilisha, mzee anachukua kilo tano za mchele anauza tatu). Bima ya afya lipa wewe. Hospitali lipa kwa namba ya hospitali. Nauli mtumie dereva wa bodaboda unayemfahamu.

Atakuambia una dharau. Atawaambia wajomba. Utapigiwa simu na baba mdogo ambaye hajawahi kununua hata kiberiti pale nyumbani. Msikilize, mwambie "nimekuelewa baba mdogo, shikamoo", endelea na utaratibu wako. Kuna siku baba yangu alinipigia analia kwamba bati limevuja, nikatuma elfu themanini, na Desemba nikakuta bati lilelile, ndoo ileile chini. Sikumgombeza. Niliingia nikamtafuta fundi mwenyewe.

Amesema anaacha pombe kuanzia leo. Tumsaidieje?

Kwanza kabisa: kama amekuwa akinywa kila siku kwa muda mrefu, asiache ghafla akiwa nyumbani peke yake. Hili naomba mlisambaze. Watu wanafikiri kuacha ni suala la moyo, kumbe mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kuleta kutetemeka, jasho, kutapika ndani ya saa chache, degedege ndani ya siku moja au mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne kuchanganyikiwa kabisa, anaona wadudu ukutani, homa, mapigo juu. Hiyo inaua. Mpelekeni hospitali, waambieni ukweli kiasi anachokunywa, wana dawa za kumvusha hizo siku na wanampa na vitamini.

Kijijini mtu akianza kuona wadudu wanasema amerogwa wanampeleka kwa mganga, na muda unakwenda.

Kuna dawa ya kumwekea kwenye chakula kimyakimya aichukie pombe?

Swali hili nalipata kila mwezi, na kila mwezi nasema usifanye. Ile dawa halisi inaitwa disulfiramu, inafanya mtu akinywa pombe awe mwekundu, atapike, moyo umwende mbio na presha ishuke, na kwa mzee mwenye moyo dhaifu inaweza kummaliza. Inatolewa kwa mtu anayejua na aliyekubali. Yale mauzauza ya unga yanayouzwa kwenye vikopo barabarani mimi hata sitaki kujua yana nini.

Ameacha kweli sasa, miezi saba. Mbona ndio kwanza nina hasira?

Kwasababu sasa ni salama kukasirika. Zamani usingethubutu. Baba aliwahi kuacha miezi minane, akawa mtu mzuri wa ajabu, analisha ng'ombe, anauliza watoto wamekula, na mimi nikawa siwezi kukaa naye chumba kimoja. Niliona aibu sana, mama akasema nina roho mbaya. Mshauri nasaha ndio aliniambia kwamba huyo mtu mzuri alikuwa ananionyesha nilichokosa miaka yote. Mpe muda yeye na ujipe wewe, na usimtupie yote siku moja, anayeacha ana vita yake.

Desemba inakuja na wote tunarudi nyumbani. Nitafanyaje?

Wachaga wenzangu mnanielewa. Mji unafurika, kila kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba) kuna moshi, mbege iko kwenye mapipa, kata ya kunywea inazunguka, na ukikataa kata mtu anakuuliza una mimba au umeokoka. Tena mbege sio adui, ile ni ndizi na ulezi na magome ya msesewe, ni baraka, inamwagwa chini kwa mababu, mahari haiendi bila mbege. Ila nywele zinasimama nikisikia harufu yake ile chachu, hata kama aliyeishika ni mchungaji.

Ninavyofanya mimi. Nalala kwa bibi au gesti, silali kwenye kile chumba, na nilisema mapema kwamba watoto hawalali vizuri. Nina usafiri wangu au namba ya bodaboda mkononi. Nafika saa tatu asubuhi, naondoka saa kumi jioni, kwasababu ugomvi wa kwetu haujawahi kuanza kabla ya saa kumi na moja. Kata inapofika naipokea kwa mikono miwili, nagusisha midomo, nampa anayefuata. Hakuna aliyewahi kulalamika. Na mtu mmoja Dar anajua nitampigia usiku, hata kama hakuna kilichotokea.

Mwaka ukiona huwezi, usiende. Tuma kitoweo. Krismasi zipo nyingi.

## Mama, laana na maombi

Mbona namchukia mama kuliko baba aliyekuwa anakunywa?

Hili watu wanalinong'ona. Baba alikuwa "mgonjwa", mama alikuwa na akili zake, na tulitaka atuchukue tuondoke. Badala yake alitufundisha kusema uongo kwa walimu. Mimi nilikuwa ndio natumwa kilabuni: "Nenda kakae karibu na baba yako." Nikikaa pale kwenye benchi na sare za shule, kazi yangu ilikuwa kumkumbusha ana watoto, alafu akisinzia nichukue pesa kwenye mfuko wa shati nikimbie nazo nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi. Nani anamtuma mtoto wa miaka kumi kilabuni?

Nilimuuliza mama nikiwa na miaka 31, tunachambua mchicha. Akanyamaza muda mrefu. Akasema kihamba ni cha ukoo wa baba, ng'ombe ni wa baba, kwao mlango ulikuwa umeshafungwa, "ningewapeleka wapi?" Sikupata jibu. Hasira haikuisha siku hiyo ila ilipungua uzito, nilimuona kwa mara ya kwanza kama msichana wa miaka 27 mwenye watoto watatu. Sikulazimishi umsamehe mama yako. Nakwambia tu muulize akiwa bado yupo, na uchague siku ambayo mikono yenu ina kazi.

Nikiweka mipaka nitapata laana? Tumeambiwa tuheshimu baba na mama.

Kuheshimu sio kufadhili. Unaweza kumwamkia, ukamnunulia dawa, ukamzika kwa heshima zote na bado ukakataa kumpa ufunguo wa nyumba yako. Rafiki yangu Muislamu wa Tanga alimuuliza shehe wake hili hili, akajibiwa kwamba wema kwa mzazi haumlazimishi mtoto kumnunulia haramu. Huko kwetu mtu akitishia kuvunja chungu, yaani kukulaani, ukoo mzima unatetemeka, naelewa kabisa, na mimi nilitishiwa. Nilimuendea mzee wa ukoo mwenye busara nikaeleza kila kitu bila kumficha baba, na yeye ndio akaenda kuzungumza naye. Tafuta mtu kama huyo kabla haijafika huko. Sio lazima awe mkubwa kuliko wote, awe tu anasikilizwa.

Mchungaji anasema ni roho ya ukoo. Niombe tu?

Omba, mimi pia naomba. Ila ukiambiwa uache dawa au uache kwenda kwa mshauri kwasababu ni "kukosa imani", ondoka hapo. Na neno "roho ya ukoo" lina ukweli ndani yake, ulevi unatembea kwenye familia, nimeeleza kwenye swali la kama na wewe utakuwa mlevi.

## Kupata msaada

Niende wapi, na sina hela ya mwanasaikolojia?

Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, Muhimbili wana idara yao, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari. Usiogope jina, huendi kulazwa, unaenda kliniki unarudi na daladala. Halmashauri yako ina afisa ustawi wa jamii, na yeye hakuchaji. Kenya kuna simu ya bure ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192. Na kama nyumbani bado kuna wadogo zako watoto wanaoishi na hiyo hali, piga 116, Tanzania na Kenya ni namba hiyohiyo ya kusaidia watoto.

Alafu kuna vikao. AA (Alcoholics Anonymous) ya walevi wenyewe ilianza 1935 huko Akron, Ohio. Mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa mmoja wa waanzilishi, akaanzisha Al-Anon kwa ajili ya ndugu wa walevi. Baadaye kwenye miaka ya 1970 vijana waliokulia kwenye nyumba hizo wakaanza vikao vyao huko New York, ndio vya watoto wazima wa walevi. Vyote ni bure, na vingi viko kwenye intaneti ila kwa Kiingereza. Mimi nilijiunga kwa simu nikiwa nimezima kamera, wiki sita sikusema neno, nikawa nalia tu nimejifunika kanga. Mama mmoja wa nchi ya mbali huko alisema alikuwa analala na viatu.

Nikifika kwa mshauri nianzie wapi?

Usianze na hadithi yote ya maisha. Anza na jambo moja la wiki hii: "Jumanne nilimpiga mtoto kwasababu kamwaga maziwa." Atakurudisha mwenyewe. Na kama ukimaliza kueleza anakuambia "ila mshukuru Mungu una wazazi", lipa, toka, tafuta mwingine. Mimi nilipata wa tatu.

## Kesi zisizo za kawaida

Kwetu mlevi alikuwa mama.

Pole, maana wewe ulibeba na aibu ya ziada. Baba akilewa watu wanacheka, mama akilewa watu wanahamisha watoto wao wasicheze na nyie. Mara nyingi alikuwa anapika au kuuza pombe yenyewe, ndio ada yako hiyo, kwahiyo huwezi hata kuichukia pombe vizuri. Yote ya juu yanakuhusu, ila kwenye kulea wanao utahangaika zaidi kama wewe ni mwanamke, kwasababu huna pa kuigia. Tafuta mama mmoja mtaani unayempenda anavyoishi na wanawe, kaa jikoni kwake. Usimwambie kwanini.

Amefariki na sikulia msibani. Nina tatizo?

Sikulia na mimi. Mwaka 2019, siku tatu za msiba, napokea wageni, nahesabu sahani, naandika michango. Watu wakasifu nina nguvu. Nililala usiku wa kwanza baada ya mazishi masaa kumi na moja, sijawahi kulala hivyo maishani, na nilipoamka nikajichukia kwa kulala vizuri. Kulia kulikuja mwaka uliofuata sokoni Ilala, mzee mmoja amevaa koti la kahawia kama lake anachagua nyanya moja moja.

Kufarijika na kuhuzunika vinakaa pamoja. Na kama ulimpenda, ulimpenda, usiruhusu mtu akuambie huwezi kumpenda mtu aliyekutesa. Baba yangu alinifundisha kuhesabu kwa punje za kahawa.

Watoto wangu niwaambie nini kuhusu babu yao?

Ukweli, kwa kipimo cha umri. Ukificha wataokota kwa binamu zao Desemba. Mwanangu wa miaka saba aliikuta picha ya ubatizo wa dada yake, akauliza mbona babu amefumba macho na wengine wote wanacheka.

Nikamwambia alikuwa amelewa.

"Alikuwa anaumwa?"

"Ndio, ugonjwa wa pombe."

"Alipewa dawa?"

Nikamwambia alipelekwa mara mbili, akarudi mwenyewe kwa miguu. Akaiangalia tena ile picha, akauliza kutoka hospitali mpaka kwa babu ni mbali kiasi gani.